Ayub Kalule: Kutoka Ngumi za Ridhaa Hadi Mkanda wa Dunia

Kijana wa Kawempe avaaye glavu leo akitamani mkanda wa dunia hana budi kutambua kwamba njia ya kuuendea, tangu ilipofunguliwa na Ayub Kalule mwaka 1979, imepitia ng'ambo. Sisi tulio katika jeshi na polisi, ambao klabu zetu zimelea mabondia wengi wa ridhaa, yatupasa tuichunguze sababu yake bila jazba.

Kalule alizaliwa Kampala mwaka 1954. Mwaka 1974 alitwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, akipigana katika uzito wa kilo 60. Mwaka huohuo, mashindano ya dunia ya ngumi za ridhaa yalipofanyika kwa mara ya kwanza, mjini Havana, alipanda hadi kilo 63.5 na kuondoka na dhahabu nyingine. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Lakini medali haina mshahara. Mwaka 1976 alihamia Denmark na kuanza ngumi za kulipwa. Waliobaki wakingojea Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo hawakupanda ulingoni, kwani Uganda iliungana na nchi nyingine za Afrika kuisusia, baada ya timu ya raga ya New Zealand kuzuru Afrika Kusini ya makaburu. Msimamo ulikuwa wa haki. Gharama yake waliilipa vijana.

Askari ajuaye tofauti kati ya mbio fupi na mwendo mrefu wenye mzigo mgongoni atatuelewa upesi. Bondia wa ridhaa wa enzi hizo alipigana raundi 3, yaani dakika 9. Pigano la ubingwa wa kulipwa lilikuwa la raundi 15, dakika 45 (siku hizi ni raundi 12). Pumzi ya namna hiyo hujengwa kwa mapigano ya mara kwa mara, wenzi hodari wa mazoezi, na mtu wa kugharimia. Kalule aliyapata hayo kwa promota Mogens Palle. Tarehe 24 Oktoba 1979, mjini Akita, Japani, alimshinda Masashi Kudo kwa pointi baada ya raundi zote 15, akawa Mganda wa kwanza kuvaa mkanda wa dunia wa WBA, katika uzito wa karibu kilo 70.

Nyumbani ilikuwa imepita miezi 6 tu tangu utawala wa Amin uanguke. Biashara ilikuwa imevunjika. Nani angeandaa pigano la ubingwa Kampala? Kalule aliutetea mkanda mara 4, zote Denmark. Tarehe 25 Juni 1981, mjini Houston, Marekani, Sugar Ray Leonard alimpokonya katika raundi ya 9.

Hatumlaumu kwa kuhama. Klabu ya jeshi yaweza kumpa bondia chakula, kitanda, kazi na nidhamu. Haiwezi kumtafutia wapinzani wa raundi 10 mwezi baada ya mwezi. Hiyo ni kazi ya mapromota na wafanyabiashara wa hapa, nao ndio waliokosekana. John Mugabi, aliyeleta medali ya fedha kutoka Moscow mwaka 1980, alitwaa mkanda wa WBC mwaka 1989, tena Ufaransa. Na Kalule mwenyewe, mwana wa Kampala, mwaka 1985 alitawazwa bingwa wa Ulaya.