Ufuko wetu una wenyewe
Jumamosi asubuhi, pale senta ya Longonot, nilimkuta baba mmoja kaegesha gari lenye hema juu ya paa, watoto watatu wakitafuna mahindi ya kuchoma, mkewe akiwauliza wauza viazi, "Jamani, kambi gani Naivasha iko karibu kabisa na maji?" Swali hilo limenikaa moyoni wiki nzima. Sisi tulio mbali na bahari, ufuko wetu ni ziwa, na kila mzazi anatamani watoto waamke wakiyaona maji. Lakini maji ya Naivasha yana wenyewe. Kiboko hushinda majini mchana. Giza likiingia hupanda nchi kavu kula nyasi, na nyasi anazozipenda ndizo hizo hizo tunazotandikia hema. Tena ziwa lenyewe halitulii: mwaka 2020 lilifurika hadi likaingia nyumba za watu mtaa wa Kihoto. Mama yangu alizoea kusema, mgeni wa ziwa halali mlangoni pa ziwa. Basi nikamwambia yule dada aulizie kwanza ua wa umeme wa kuzuia viboko, mlinzi wa usiku, na choo ambacho mtoto atakifikia bila kuvuka giza, mandhari baadaye. Kambi inayokuuzia machweo huku haina ua haistahili familia, hata ikikutoza nusu bei. Wakaondoka kuelekea Moi South Lake Road, kitinda mimba akinipungia gunzi dirishani.