Imani inayokula mtaji

Katika hesabu za duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuanzia Msalala hadi Mbogwe na Nyarugusu, kuna gharama isiyoandikwa popote. Mwenye duara anajua bei ya miti ya kuegemeza kuta, dizeli ya pampu ya maji, baruti, unga na maharage ya vijana wanaoshuka chini. Hata akiamshwa usiku atazitaja moja baada ya nyingine. Akiulizwa amempa mganga kiasi gani, ananyamaza. Mbuzi, kuku, vipande vya nguo, nauli ya kumfuata mtaalamu wa pili baada ya wa kwanza kushindwa: hivyo havimo kwenye daftari. Lakini fedha imetoka, na mara nyingi ni ile iliyopatikana kwa kuuza tumbaku au ng'ombe.

Jambo hili linaigusa Ushetu moja kwa moja. Halmashauri hiyo ilizaliwa mwaka 2012 Kahama ilipogawanywa, makao makuu yake yakawa Nyamilangano. Watu wake wanaishi kwa tumbaku, mahindi na mifugo, huku wamezungukwa na majirani wa dhahabu: Msalala yenye mgodi wa Bulyanhulu, Mbogwe, Bukombe. Malipo ya tumbaku yakishaingia, wapo vijana wanaoyapeleka machimboni na wapo wanaofungua duka. Pamoja na fedha hizo wanabeba imani juu ya mahali utajiri unakotoka, na imani hiyo ndiyo inayoamua mtaji utaishia wapi.

Kumcheka mchimbaji ni rahisi, lakini si haki. Duara linaweza kuchimbwa miezi mingi bila dalili yoyote, huku la jirani, hatua chache tu kutoka hapo, limetema dhahabu. Mtu asiye na ramani ya miamba, asiyeweza kulipia uchorongaji wala kujua mkanda wa dhahabu umepindia wapi, atatafuta maelezo kwa yeyote anayeyatoa. Mganga anayo, tena ya papo kwa papo: dhahabu imefungwa, jirani ana kijicho, wenye ardhi hawajaridhishwa. Kampuni kubwa kama ile ya Geita, iliyoanza uzalishaji mwaka 2000, nayo inakabiliana na mwamba uleule usioonekana kwa macho. Ila yenyewe huchoronga kwanza, hupeleka sampuli maabara, ndipo hutia fedha.

Maelezo ya mganga yana bei kubwa kuliko mbuzi. Katika miaka ya 2007 hadi 2009 Kanda ya Ziwa ilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, kwa sababu walikuwapo watu walioaminishwa kwamba viungo vya binadamu mwenzao vinavuta dhahabu, samaki na wateja. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu adhabu ya kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya kesi hizo nchini. Mwaka 2010 mtafiti Deborah Bryceson na wenzake wawili walichapisha uchunguzi ulioyahusisha mauaji hayo na machimbo ya dhahabu: wachimbaji waliohangaikia bahati walikutana na waganga waliokuwa wakitafuta soko. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Kufikia hapo familia nyingi zilikuwa zimekwisha kuwatenganisha watoto wao wenye ualbino na nyumbani ili wabaki hai.

Watu wengi wa Ushetu na Kahama wanayalaani mauaji hayo kwa moyo wote. Hata hivyo, mbegu ya fikra ile, kwamba mali huja kwa nguvu iliyofichika na hutoweka kwa hila ya mtu mwingine, bado inaota mahali pa kawaida kabisa: kwenye droo ya duka.

Inaitwa chuma ulete. Mteja anasemekana kuja na noti iliyotiwa dawa. Ikishaingia kwenye droo, jioni inaondoka na wenzake. Wenye maduka wanajikinga. Mmoja ataweka ndimu kati ya noti, mwingine chumvi ya mawe, wa tatu atakataa kumuuzia sindano mtu anayekuja jua limeshazama. Sasa itazamwe siku ya duka hilohilo. Asubuhi imetoka kilo ya sukari kwenda nyumbani. Shemeji amechukua vocha na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi. Mtoto amepewa hela ya shule kutoka droo ileile inayotunza fedha ya kurudishia mzigo. Fedha ya wakala wa simu imechanganywa na ya unga. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa. Jioni droo ikipungua, mwenye duka anakumbuka sura ya mama mmoja mgeni aliyenunua sabuni kwa noti ya elfu kumi.

Hapo ndipo imani inapomla mfanyabiashara. Inampa jibu kamili kabla hajauliza swali, na jibu hilo haliwezi kushindwa. Duka likifilisika, chuma ulete ilikuwa kali. Likinyanyuka, kinga imefanya kazi. Kwa vyovyote vile daftari halifunguliwi. Na ubaya wake hauishii kwenye hasara: anayeamini kwamba hasara yake imeletwa na jirani ataamini pia kwamba faida ya jirani si ya halali. Ndiyo maana kijana akijenga nyumba ya bati jipya mapema kuliko wenzake, huanza minong'ono ya ndagu, yaani uchawi wa kutafutia utajiri, na ya frimasoni. Wapo wanaoamua kuficha walichonacho au kuhamishia biashara Mwanza, na kijiji kinampoteza mtu ambaye angeajiri wengine.

Si mila za waganga peke yake. Mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, mpango wa upatu uliokuwa na wachungaji miongoni mwa viongozi wake. Lugha yake ilikuwa ya kanisani: mwanachama hakuweka akiba, alipanda mbegu, kisha alingoja kuvuna zaidi ya alichopanda. Maelfu walipanda. Mavuno ya wa mwanzo yalitoka mifukoni mwa waliofuata, na viongozi kadhaa walitiwa hatiani mwaka 2013. Waumini waliopoteza ada za watoto wao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa kwamba kuuliza fedha inazaliwa wapi ni upungufu wa imani. Dini zetu hazikufundisha hivyo. Mwislamu amesikia tangu chuoni habari ya yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Shinyanga yenyewe, mkoa ilimo Ushetu, ina mfano wa imani ya aina nyingine. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alikuja Tanganyika miaka ya 1930. Almasi zilikuwa zimekwisha kupatikana huku na huko Usukumani, Mabuki ikiwamo, na kampuni zilizotangulia zilikuwa zimekata tamaa. Williamson alishikilia kwamba mawe hayo yametawanyika kutoka chanzo kimoja kikubwa. Aliugua malaria, akaishiwa, akaokolewa na wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, aliyempa fedha na kuwa mbia wake. Machi 1940 chanzo kilipatikana Mwadui. Jiwe la waridi lililotoka hapo mwaka 1947, lenye karati zaidi ya 54, alimzawadia Princess Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake.

Isisahaulike kwamba chini ya ukoloni Mzungu alifunguliwa milango ya leseni na mikopo ambayo Msukuma wa Mwadui hakuiona, ingawa ardhi ilikuwa ya babu zake. Pamoja na hilo, namna alivyoamini inafaa kutazamwa. Imani yake ilimpeleka kwenye udongo: kuchimba shimo, kuosha changarawe, kuandika alichokiona, kuhamia shimo jingine. Kila shimo tupu lilimpunguzia eneo la kutafuta. Mganga wa pili hampunguzii mteja wake chochote isipokuwa fedha.

Je, namna hiyo ya kufikiri inafundishika? Jibu bora limetoka Togo. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha biashara ndogo 1,500 za mji wa Lomé. Theluthi moja ya wenye biashara walifundishwa masomo ya kawaida: hesabu, masoko, fedha. Theluthi nyingine walifundishwa mwenendo wa mtu anayejituma: kuanza kabla ya kuambiwa, kutabiri vikwazo, kujiwekea lengo, kurudi nyuma kuangalia lililokwama na kulijaribu kwa njia nyingine. Waliobaki hawakufundishwa kitu. Katika miaka miwili iliyofuata, faida ya kundi la kujituma ilikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko ya wasiofundishwa. Kwa kundi la masomo ya kawaida ongezeko lilikuwa asilimia 11 tu, dogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kulitofautisha na bahati. Kwa wanawake waliofundishwa kujituma, faida ilipanda karibu asilimia 40.

Takwimu hiyo ya wanawake iwashtue watu wa machimbo, maana huko imani imewafungia wanawake njia kwa miaka mingi. Husemwa kwamba mwanamke akikaribia duara, hasa akiwa kwenye siku zake, dhahabu hukimbia. Basi anabaki kupika, kuponda mawe na kuchekecha marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, kazi zenye vumbi na malipo haba. Kule Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, Pili Hussein alilazimika kuvaa na kuishi kama mwanamume, akiitwa Mjomba, kwa takriban miaka kumi ili aruhusiwe kushuka mgodini. Alipata mawe, akaja kumiliki migodi na kuajiri wanaume. Mawe hayakumkimbia.

Nyenzo za kuanzia zipo. Stamico, shirika la madini la serikali, ina vituo vya mfano kwa wachimbaji wadogo Katente na Lwamgasa, na ina mitambo ya kuchoronga kwa ajili yao. Tangu Machi 2019 Geita ina soko la madini ambako dhahabu hupimwa na bei kutangazwa hadharani. Halmashauri nazo zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Lakini kikundi kikiitwa kwenye semina kabla ya mkopo, mengi yanayozungumzwa ni katiba, akaunti ya benki na tarehe za marejesho. Ushetu inaweza kuwa halmashauri ya kwanza kuongeza siku chache za mafunzo ya aina ya Lomé, kwa Kiswahili na Kisukuma, daftari la duka la mshiriki mwenyewe likiwa mezani. Na ile asilimia mbili iwatafute kwa majina watu wenye ualbino wa Ushetu, Bukombe na Mbogwe, wapewe mtaji na ulinzi wa kufungua biashara zao katika ardhi ileile ambako wengine waliuawa ili watu watajirike.