Cheti Bila Mtu, Mtu Bila Cheti



Katika mkutano mmoja wa tawi huko Kisarawe, mzee alisimama, akavua kofia yake, akauliza swali ambalo sisi tuliokaa mezani tulishindwa kulijibu. Alisema: "Niliuza shamba langu la mikorosho ili kijana wangu akasomee dawa ng'ambo. Amesoma, amerudi na digrii. Huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani. Kila akienda ofisini huambiwa njoo wiki ijayo, bado karatasi moja. Sasa nyinyi wenye chama niambieni: mtoto wangu alisoma au hakusoma?"

Hakuna aliyecheka. Kijana mwenyewe alikuwa nje barazani, anauza vocha za simu.

Siku chache baadaye tulikuwa Kibaha kwa kazi za chama. Mwenzetu mmoja alishikwa na homa, tukaingia naye katika duka la dawa kando ya barabara ya Morogoro. Ukutani tuliona cheti cha mfamasia, kimetiwa fremu na kioo. Tukamwuliza binti aliyekuwa akiuza: "Dada, mfamasia mwenyewe yuko wapi?" Akajibu bila kusita: "Huyo huja mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi, ndugu! Haji kutazama dawa wala kumwuliza mgonjwa hali. Huja kupokea kodi ya jina lake.

Yawekeni mambo haya mawili pamoja. Kisarawe yuko mtu bila cheti. Kibaha kiko cheti bila mtu. Na katikati yuko mama wa Maneromango mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, anayemeza chochote anachopewa kwa kuwa hana wa kumwuliza. Je, hivyo ndivyo tutakavyomshinda adui maradhi?

Wazee wetu walikwisha kuionja dhiki hii. Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961, baada ya Mwingereza kuitawala zaidi ya miaka arobaini, Mwalimu Nyerere alisema alituachia madaktari 12 na mainjinia 2. Na hao Waafrika waliopata udaktari walipata kwa tabu. Waliosomea Makerere hawakuhesabiwa sawa na waliosomea Uingereza, mpaka Baraza la Waganga la Uingereza lilipokubali shahada ya Makerere mwaka 1957. Mmoja wa waganga hao wa Makerere ni Vedast Kyaruzi, aliyechaguliwa kuwa Rais wa T.A.A. mwaka 1950. Mkoloni alimwondoa Dar es Salaam, akampeleka Kingolwira, kisha Nzega. Basi chama kilichowakomboa watu wetu kilijengwa pia na watu waliojua uchungu wa kuwa na elimu mkononi na kufungiwa mlango.

Wala tusisahau kwamba masomo ya digrii ya famasi yalianza Muhimbili mwaka 1974. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka digrii hiyo hakuwa na budi kuvuka mipaka kuifuata. Kwa hiyo anayemdharau mfamasia kwa sababu tu alisomea ng'ambo, anawadharau waliotangulia kuijenga kazi hiyo hapa kwetu.

Lakini tusidanganyane. Wapo wenzetu wanaosema: "Amesoma huyo, mpeni cheti leo hii aanze kazi." Sisi hatukubaliani nao. Dawa si nyanya. Nyanya ikiwa mbovu utaitupa. Dawa ikitolewa vibaya utazika.

Chukueni mfano wa malaria. Kijana aliyesomea nchi ya theluji anaweza kuwa bingwa wa kemia, lakini pengine hakupata hata siku moja kumhudumia mgonjwa wa malaria. Klorokwini tuliyoizoea tuliiacha mwaka 2001 kwa kuwa vimelea viliizoea. SP iliyoifuata nayo ikachoka, na mwaka 2006 taifa likaamua kutumia dawa mseto. Dawa mseto hii hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Dozi ni sita kwa siku tatu. Ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza, na huliwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uipokee vizuri. Mambo hayo hayatoshi kuyasoma katika kitabu cha kigeni. Lazima uyajue kwa mujibu wa miongozo ya nchi hii, na uweze kuyaeleza kwa Kiswahili kwa bibi wa Mzenga asiyevaa saa.

Kwa sababu hiyo twaiunga mkono sheria. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 imeweka Baraza la Famasi na Msajili wake. Aliyesomea nje digrii yake hutambuliwa kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu, ili ijulikane kwamba chuo ni chuo kweli wala si duka la vyeti. Kisha Baraza humpima, naye hufanya mazoezi ya kazi chini ya mfamasia aliyesajiliwa kabla ya kuachwa asimame peke yake. Masharti hayo ni ngao ya mgonjwa. Atakayetaka kuyaruka kwa kujuana au kwa bahasha, huyo ni adui wa wananchi, hata kama ni ndugu yetu.

Wapo pia wa upande wa pili. Hao husema: "Digrii za nje ni za kununua. Waacheni wakae." Maneno hayo ni uvivu uliovaa koti la uzalendo. Ikiwa digrii ni ya uongo, ipimwe, ikataliwe, na mwenyewe aambiwe kwa maandishi. Ikiwa ni ya kweli, apewe haki yake. Kumweka mtu njiani miaka miwili bila ndiyo wala siyo, hakumlindi mgonjwa yeyote. Kunamlinda mwenye ofisi asifanye kazi.

Tazameni wenzetu. Mfamasia wetu aliyehitimu Muhimbili akitaka kusajiliwa Uingereza, hapokelewi kwa kuwa ni mgeni mzuri. Baraza lao la famasi litamtazama. Itampasa asome tena katika chuo chao kozi ya mwaka mmoja ya waliosomea nje, kisha afanye kazi majuma 52 chini ya usimamizi, kisha afanye mtihani wa usajili. Na kozi hiyo atailipia yeye mwenyewe, tena si fedha kidogo. Njia ni ndefu, tena ina miiba. Lakini imeandikwa! Kabla hajapanda ndege anajua hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hatuwaigi Waingereza kwa mapenzi. Twasema tu kwamba ikiwa mgeni kule anaonyeshwa njia, mwana wa nchi asipapase gizani nyumbani kwake.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa jambo moja mapema. Mwalimu anaweza kutunga mtihani mgumu apendavyo, lakini lazima wanafunzi wajue watakachoulizwa kinatoka wapi, mtihani ni siku gani, na majibu yatatoka lini. Mwalimu anayeficha muhtasari wa masomo na kukaa na karatasi za majibu hadi wanafunzi wamesahau walichoandika, huyo hapimi watu. Anawatesa.

Kwa hiyo twataka mambo matatu, nayo si makubwa.

Kwanza, masharti yote ya kumsajili mfamasia aliyesomea nje, pamoja na ada zake, yabandikwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya wilaya, ili mzee wa Msimbu ayasome kabla hajauza mkorosho hata mmoja. Na ajue mapema kama chuo anakompeleka mtoto kinatambuliwa.

Pili, kila ombi liwe na tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kujibiwa. Asiyejibu kwa wakati aeleze sababu mbele ya mkubwa wake. "Njoo wiki ijayo" si jibu la Serikali ya wananchi.

Tatu, wanaotakiwa kufanya mazoezi wapelekwe pia huku kwetu. Iko hospitali ya Tumbi pale Kibaha, mahali palipokua pamoja na Kituo cha Elimu kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Skandinavia. Iko hospitali ya wilaya Kisarawe. Kijana akijifunza kazi huku, atawajua wagonjwa wa huku, na pengine atabaki.

Tutaambiwa kwamba vijijini kuna maduka ya dawa muhimu. Ni kweli, na ni jambo jema. Mpango huo ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na umewasaidia watu wengi waliokuwa wakinunua dawa gizani. Lakini wauzaji wake hupewa mafunzo mafupi, na dawa wanazoruhusiwa zina orodha yake. Nani atawasimamia? Nani atamkataza muuzaji asitoe nusu dozi ya antibiotiki kwa sababu mteja ana nusu ya bei? Kila nusu dozi inayouzwa Mlandizi inawafundisha vimelea kushinda dawa, na vimelea hivyo havitaishia Mlandizi. Kazi hiyo yahitaji wafamasia walio hai, si fremu za vioo.

Na hapa ndipo tunapomgeukia yule wa mwisho wa mwezi. Bwana, umesoma kwa jasho la wakulima, na Taifa limekuandika katika daftari lake. Sasa umeligeuza jina lako kuwa nyumba ya kupangisha! Wewe ni kupe kama kupe wengine, ila kupe mwenye digrii. Na mwenye duka anayekulipa ni mwenzako. Twawaomba wananchi wasione haya: ukiingia dukani ukaona cheti, uliza mwenye cheti. Akikosekana leo, kesho na keshokutwa, toa taarifa.

Nanyi vijana mliosoma nje, mwakaribishwa nyumbani. Pimweni bila kinyongo. Na siku mtakapopata cheti, msikitundike Kibaha kisha mkaishi Masaki ya Dar es Salaam. Ipo Masaki nyingine huku Kisarawe, nayo ina wagonjwa.

Mzee wetu, umetungoja vya kutosha. Jibu letu ni hili: hatujui kama mtoto wako alisoma, kwa sababu waliopewa kazi ya kumpima hawajampima. Tutakwenda naye ofisini sisi wenyewe, na karatasi zake zote, tukaulize: ndiyo, au siyo? Wala hatutaondoka kwa "njoo wiki ijayo."

Uhuru na Kazi!