MASIKIO YANAVUMA: TUSIKAE KUNGOJA

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maradhi ya kuvuma kwa masikio ni ya namna hiyo. Mgonjwa husikia kengele, mluzi au mlio wa nyenje usiku na mchana, wala jirani aliyeketi naye hasikii kitu. Hana jeraha la kuonyesha, hana homa ya kupimwa. Basi huambiwa ana majini, au huambiwa avumilie tu, au huuziwa sokoni mafuta yasiyomfaa kitu.

Maradhi haya si ya watu wachache. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2022, ulikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 740 duniani wanayo, na zaidi ya milioni 120 miongoni mwao yanawatesa vikali.

Chanzo chake kikubwa ni kuumia kwa chembe laini zilizomo ndani ya sikio, ambazo zikishakufa hazioti tena. Wataalamu wengi wanaona kwamba ubongo, ukikosa sauti uliyoizoea, huongeza ukali wa kusikiliza hata ukajizalishia sauti yake wenyewe. Na vinavyoumiza sikio tunavyo nyumbani. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yawe Dodoma, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa wingi mwaka 2016, uwanda huu wa kati umejaa mitambo ya kujenga na kuponda mawe. Singida kuna machimbo ya dhahabu. Unguja na Pemba kuna injini za mashua, na kuna wapiga mbizi ambao shinikizo la maji huwaumiza masikio. Vipaza sauti viko kila mahali.

Je, sayansi imefika wapi? Ni lazima tuseme kweli: hadi sasa hakuna dawa wala upasuaji uliothibitika kuuondoa mvumo huu kabisa. Hata hivyo njia inafunguka. Mwezi Machi 2023 Marekani iliidhinisha kifaa kiitwacho Lenire, kilichobuniwa Ireland, ambacho huchanganya sauti za masikioni na umeme mdogo katika ulimi. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Michigan kilitoa matokeo ya kifaa kinachofanana nacho, kilichojaribiwa kwa watu 99, na wengi walipata nafuu. Aidha imethibitika kwamba ushauri wa kitaalamu, unaomfunza mgonjwa kutoitawaliwa akili na sauti hiyo, humpunguzia mateso. Na aliyepungukiwa usikivu husaidiwa na shimesikio. Hayo mawili hayahitaji kungoja ugunduzi wowote.

Wapo watakaosema utafiti ni kazi ya matajiri. Hatukubaliani nao. Ni nani miongoni mwetu asiyekumbuka jinsi kwinini ilivyovumisha masikio? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, na hapa kwetu Korogwe na Muheza, ulithibitisha kwamba sindano ya artesunate huokoa watoto wengi zaidi wenye malaria kali kuliko kwinini. Dawa ikabadilishwa. Vivyo hivyo sindano ya kanamaisini, iliyowaondolea usikivu wagonjwa wa kifua kikuu sugu, iliachwa kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019.

Ndugu zetu wa Visiwani wanafahamu kwamba afya si jambo la Muungano. Kila upande una Wizara yake. Lakini utafiti na elimu ya juu ni mambo ya Muungano. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, pamoja na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani nacho, havina budi kumtumikia mvuvi wa Mkoani sawasawa na mponda mawe wa Dodoma. Tunashauri vishirikiane na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kuwapima usikivu wafanyakazi wa pande zote mbili, ili tujue wagonjwa wetu ni wangapi na wameumizwa na nini.

Viongozi nao wana wajibu. Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005. Sheria iliyolala kabatini haizibi sikio la mtu. Mkaguzi afike kwenye mtambo, na mwajiri atoe vikinga masikio kabla ya kudai kazi.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kwenye redio wakajifunza kujikinga na maradhi. Sikio nalo linastahili kampeni yake. Na mwananchi ambaye sikio lake moja limeziba ghafla, au linadunda kama moyo, asikimbilie sokoni. Amwone daktari siku hiyo hiyo. Dawa itakuja, Inshaallah, lakini sikio lililokwisha kufa halitaingoja.