Hatua Mia Tatu za Mwisho

Wakazi wenzangu wa Mikocheni,

Mwanamke msafiri aliye peke yake, awe muuguzi wa Kigoma aliyeitwa mafunzoni kwa wiki mbili au mgeni wa Ulaya aliyepanga chumba cha uani kwa siku tano, hapatwi na fadhaa pale Mwenge, penye daladala, wachonga vinyago na macho ya watu. Fadhaa humpata anapoiacha barabara kuu na kuingia katika njia zetu za wenye nafasi, ambamo kuta ni ndefu, mageti yamefungwa, na kila taa imeelekezwa uani kwa mwenyewe, kana kwamba njia si amana ya mtu yeyote.

Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na giza halikawii. Ndipo nyuma ya mgeni huja pikipiki ya watu wawili, na mkono ukanyakua mkoba. Aghalabu alikwisha kunasihiwa huko atokako auvae mkanda wa mkoba kupita kifuani, nasaha ambayo hapa kwetu ni balaa tupu, kwani mwizi avutapo mkoba humvuta na mwenyewe, akaburutwa juu ya lami. Ni nani wa kumwambia hayo, ila mwenyeji aliyepokea kodi yake?

Msafiri Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta desturi ya vijana kuvilaki vyombo kwa mashua, wamechukua vyakula, kila mmoja akimwendea mfanyabiashara na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Sikatai kuwa walitafuta faida. Lakini mgeni yule alikuwa na mtu wa kuulizwa habari zake, ilhali sisi tumeishika faida na kuitupa dhamana.

Basi nawaombeni, kila nyumba igeuze taa moja itazame njiani, nayo si gharama ya kutushinda, madhali balbu ya wati 9 ikiwaka kwa saa kumi na mbili kila usiku, uniti moja ya umeme huitosha siku tisa. Walinzi wetu, wanaokesha jirani kwa jirani bila ya kujuana, wapeane majina na namba za simu. Apangishaye chumba ampeleke mtu kituoni kumpokea mgeni, au amwite dereva wa bajaji anayemfahamu, asimwachie teksi bubu. Na wale vijana wa bodaboda wa kijiweni, tuliozoea kuwashuku, tuwashirikishe, kwani wao ndio wazijuao nyuso za mtaa huu kuliko sisi tulio nyuma ya mageti.

Na likitokea la kutokea, hasha, mgeni asiulizwe alikuwa akienda wapi saa zile wala alivaa nini. Ipigwe 112, kisha mmoja wetu, ikiwezekana mama wa makamo, afuatane naye hadi kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia, wala asiondoke mpaka maelezo yamekwisha kuandikwa.

Jumamosi ijayo, baada ya alasiri, tukutane kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, tutoke hapo kwa miguu, njia kwa njia, tukihesabu taa. Tuanzie kwangu, maana yangu mimi, hadi jana, ilikuwa ikimulika migomba.