Eti Bodi Haina Nafasi ya Kiswahili?

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kukutana na habari za nyaya na chipu katika kurasa alizozoea kusomea uhakiki wa riwaya na ushairi. Nimechochewa kuandika na kauli moja ya wanafunzi wenzetu wa uhandisi: kwamba kifaa chao hakiwezi kutumia Kiswahili kwa kuwa bodi haina nafasi. Niliikubali kauli hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Kifaa chenyewe ni mashine ya kuangulia vifaranga waliyokiundia kikundi cha akina mama wafugaji. Ndani yake mna bodi ya maikrokontrola, yaani tarakilishi ndogo iliyokusanywa katika chipu moja na kupachikwa kwenye kibao chenye pini za kuunganishia vipima joto, taa na feni. Bodi huhakikisha kwamba joto halitoki mbali na nyuzi 37.5, kisha humwarifu mwenye mashine la kufanya. Mayai ya kuku huchukua siku 21. Katika siku 18 za mwanzo sharti yageuzwe mara kadhaa kila siku; katika tatu za mwisho hayaguswi, maana kifaranga anajiweka tayari kutoka. Siku ya 18 ilipotimia, kioo cha mashine kilionyesha herufi mbili za ufupisho wa Kiingereza na nambari ya siku. Mama aliyekuwa zamu aliendelea kuyageuza mayai kama kawaida. Trei ile iliharibika karibu yote. Alipoulizwa alijibu kwa upole, "Mwanangu, mimi nilidhani hizo ni alama za fundi."

Nilipowauliza wahandisi wetu kwa nini ujumbe haukuandikwa kwa Kiswahili, ndipo nikaambiwa habari ya nafasi. Bodi waliyoichagua ni Arduino Uno, ya ukoo ulioanzia mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi. Chipu yake ina kilobaiti 32 za kumbukumbu ya kudumu, inamokaa programu hata umeme ukizimika, na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya muda, zinamofanyiwa hesabu za papo hapo. Mashine ilihitaji jumbe 40, kila mmoja ukijaza mistari miwili ya kioo, herufi 32. Ukiongeza baiti moja ya kufungia kila ujumbe unapata baiti 1,320. Ziandike kwa lugha mbili, ni 2,640, ilhali kumbukumbu ya muda ina 2,048. Kwa hesabu hiyo Kiswahili kilikuwa kimefukuzwa kihalali.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro. Katika bodi hii, maneno hunakiliwa kwenye kumbukumbu ya muda pale tu mwandishi wa programu asipoagiza vingine. Akiagiza yabaki katika ile ya kudumu na yasomwe mmoja mmoja yanapotakiwa, baiti 2,640 hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya kilobaiti 32. Nafasi ilikuwapo tangu mwanzo. Hakuna aliyeitafuta, kwa sababu lugha ya mtumiaji haikuwamo katika orodha ya mahitaji siku bodi ilipochaguliwa.

Kisha nikaelezwa kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa kioo chenye nafasi 16 katika kila mstari. Hapa nilijihisi nimerudi nyumbani, kwani sisi tumelelewa na mshororo wa mizani 16, nane kwa nane (ingawa kioo huhesabu herufi, si silabi). Nikakaa na kalamu. "Joto limezidi" ni nafasi 13. "Ongeza maji" ni 11. "Usigeuze mayai", ujumbe ambao ungaliiokoa trei ile, ni 14. Kiingereza chake kinajaza 16 kamili. Isitoshe, herufi zetu zote, pamoja na king'ong'o cha ng', zimo katika kioo hicho bila kuongezewa alama yoyote.

Baada ya hayo baadhi yao wakavuka hadi upande wa pili: basi tununue bodi kubwa! Wakazitaja ESP32, yenye kilobaiti 520 za kumbukumbu ya muda na uwezo wa kuwasiliana bila waya, na Raspberry Pi Pico ya mwaka 2021, yenye kilobaiti 264, iliyozinduliwa kwa bei ya dola 4. Ni bodi nzuri. Hata hivyo, pini zake ni za volti 3.3 ilhali kioo chao ni cha volti 5, na ESP32 inapotuma mawimbi hunywa umeme mwingi, jambo zito kwa mashine inayotegemea betri stima inapopotea. Kama ujumbe ungepaswa kumfikia mama kwenye simu akiwa sokoni, ningeichagua ESP32 bila kusita. Kwa ujumbe wa kioo, Uno yatosha.

Swali gumu zaidi ni la mwenzake asiyejua kusoma. Sauti ya kiwango cha simu huhitaji takriban baiti 8,000 kwa sekunde. Kumbukumbu yote ya kudumu ya Uno ingebeba sekunde nne, na programu ikose pa kukaa. Hapo ndipo panapohitajika kifaa cha pembeni cha kuchezea sauti chenye kadi yake ya kumbukumbu, nacho Uno huweza kukiamuru. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu asiyejua mtumiaji anasoma nini, anasikia nini na anaita vipi mambo yake. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuwapo kabla bodi haijanunuliwa. Kuitwa mwishoni kusahihisha tahajia ni kuchelewa.

Jumbe 40 sasa zimo katika mashine, kwenye Uno ile ile. Tulibishana kuhusu mmoja tu. "Usigeuze mayai" uliacha nafasi mbili wazi, nami nikataka alama ya hisi iwekwe katika mojawapo. Mhandisi alikataa, akisema mashine haipaswi kumfokea mtu mzima.