Akitulia, Mrudishe

Kuna sentensi fupi ambayo ukikaa na wazazi wa watoto wenye ulemavu, Meru au Embu, utaisikia kabla chai haijapoa: "Mama, huyu mpeleke nyumbani kwanza. Akitulia, mrudishe." Husemwa kwa upole, saa zingine hata na tabasamu. Hakuna barua, hakuna tarehe ya kurudi. Mama anamshika mtoto mkono, anatafuta boda, na rejista inaandika kwamba mtoto hakuja shule.

Mimi naiita hiyo kufukuzwa. Na nasema ni mbaya kuliko kiboko, ingawa najua wengi mtaruka hapo. Kiboko huacha alama. Mama ana kitu cha kuonyesha polisi, na sheria iko upande wake: kuchapa wanafunzi kulipigwa marufuku 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinamngoja anayemtesa mwanafunzi na faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Mapema 2021, marehemu George Magoha, akiwa Waziri wa Elimu, alipotaka kiboko kirudi, watu walibishana kila mahali, hadi kwa matatu. Nani amewahi kubishana juu ya "akitulia, mrudishe"? Haina alama wala karatasi, kwa hivyo ni kama haijatokea.

Na hebu tuangalie makosa yenyewe. Msichana kiziwi hakusimama kengele ilipolia kwa sababu hakuisikia: ana kiburi. Mvulana mwenye usonji ameziba masikio kwa paredi na kupiga kelele kwa sababu spika inamuumiza: hana nidhamu. Mwingine amezinduka kutoka kwa kifafa, hajui yuko wapi, amemsukuma aliyemshika: huyo ni hatari. Huku kwetu tuna la ziada. Wakenya hupenda kututania kwamba Mmeru ana hasira za karibu. Sawa, tumezoea, hata sisi tunacheka. Lakini nimemsikia mwalimu, mtu wa digrii, akisema kuhusu mtoto wa miaka 9 asiyeongea: "Hizo ni hasira za Kimeru tu, atanyooka." Yaani utani umegeuka kuwa tathmini, na vituo vya EARC vya kupima mahitaji ya watoto kama huyo viko nchini tangu 1984.

Marekani, ambako shule zina dhambi zake nyingi, sheria ya 1997 inalazimisha swali moja kabla mwanafunzi mwenye ulemavu hajafungiwa nje zaidi ya siku 10: je, alichofanya kimetokana na ulemavu wake? Kikiwa kimetokana nao, kwa kawaida anarudi, na shule ndiyo inabadilisha namna inavyomhudumia. Mimi nimeketi katika ofisi kadhaa za walimu wakuu kwa ajili ya mdogo wangu. Hilo swali sijalisikia hata mara moja.

Najua walimu watasema nini. Darasa lina watoto 60, mwalimu ni mmoja, na kuna mzazi mwingine analalamika kwamba wake ameumwa. Ni kweli. Shangazi yangu anafundisha karibu na Runyenjes na naona anavyofika nyumbani jioni. Lakini kukosa walimu ni deni la serikali. Iweje lilipwe na mtoto asiyeweza hata kujitetea? Na yule aliyeumwa ana haki yake pia, ndiyo maana sheria hiyo ya 2013, kifungu cha 35, haikubali mwanafunzi afukuzwe kabla njia zote nyingine hazijajaribiwa na kabla yeye na mzazi hawajasikilizwa. Wengine husema, si kuna shule maalum? Ziko, Kaaga kuna ya viziwi, Egoji kuna ya wasioona. Mtoto wa usonji aende ipi kati ya hizo?

Kwa hivyo ninachotaka ni kidogo: barua. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema mtu ambaye haki yake inaguswa na uamuzi wa kiutawala apewe sababu kwa maandishi. Mama wengi hawawezi kuidai. Mwalimu mkuu ni mzee wa kanisa lao, na kesho watamhitaji kwa mtoto mwingine. Wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa Roysambu au Makutano unaweza. Shuka nyumbani siku moja, mfuate mama hadi ofisini, usipige kelele.

Mdogo wangu alitumwa nyumbani mara 4 kwa muhula mmoja. Ya 5 nilienda na mama, nikasema, "Mwalimu, tumekubali, tunaomba tu utuandikie sababu, tarehe ya kurudi, na muhuri." Alitafuta kalamu kwa muda mrefu, na ilikuwa mfukoni mwake. Mwishowe akasema kijana aingie tu darasani. Muhula uliofuata walijaribu tena, tukaomba barua tena. Wakikuambia barua si lazima kwa jambo dogo kama hilo, waulize mbona ile ya pesa ya chakula huandikwa na kupigwa muhuri kabla paredi haijaisha.